Machozi Hayanunui Msamaha: Huzuni ya Dhambi na Faraja Yake katika Imani ya Kikristo

Katika misiba ya Moshi na ya vijiji vya mlimani, kuanzia Kibosho na Old Moshi hadi Marangu na Machame, maneno haya ya Yesu husikika mara nyingi: "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika." Mchungaji au padri huyasoma mbele ya jeneza, kwaya huitikia, na waombolezaji huyapokea kama pole ya Mungu kwa wafiwa. Matumizi hayo si kosa, kwa kuwa Mungu wa Biblia huwafariji wafiwa kweli. Hata hivyo, aya hiyo, ambayo ni ya nne katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, imewekwa mahali panapoipa maana pana zaidi ya msiba. Imetanguliwa na heri ya walio maskini wa roho, yaani watu wanaojua kwamba hawana cha kujivunia mbele za Mungu, na baada yake zinakuja heri za wenye upole na wenye njaa na kiu ya haki. Yohane Krisostomo, aliyekuwa akihubiri Injili hiyo huko Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, aliwafundisha wasikilizaji wake kwamba wanaoitwa heri hapo ni wale wanaohuzunika kwa ajili ya dhambi.

Hapo ndipo fumbo linapoanzia. Anayelia kwa kufiwa tunaelewa kwa nini anahitaji faraja, kwa sababu ameondokewa na kitu chema. Anayelia kwa sababu ya uovu alioutenda kwa mikono yake mwenyewe anafarijiwaje? Akiambiwa kwamba jambo lake si zito, amedanganywa. Na akiambiwa kwamba ni zito kweli, inaonekana ameongezewa mzigo. Mkanganyiko huu hauwahusu wanateolojia peke yao. Umo ndani ya mama anayekaa kwenye benchi la nyuma kanisani na kuacha Meza ya Bwana impite kila inapoandaliwa, kwa kuwa anaona hajatubu sawasawa. Umo pia ndani ya kijana aliyetubu dhambi ileile katika mikutano ya injili mara nyingi, akalia kila mara, na bado anaondoka akiwa na hofu kwamba safari hii pia machozi hayakutosha. Wote wawili wanaichukulia huzuni kuwa bei ya msamaha, na kwa maoni yangu dhana hiyo ndiyo inayowanyima faraja waumini wengi kuliko ukubwa wa dhambi zenyewe.

Si kila uchungu unaofuata kosa ni huzuni ya dhambi. Mhasibu wa chama cha ushirika aliyechukua fedha za wakulima wa kahawa anaweza kukosa usingizi kwa sababu wakaguzi wamefika. Hiyo ni hofu ya kukamatwa, na wakaguzi wakiondoka bila kugundua kitu, nayo huondoka. Anaweza pia kuumia kwa kuwa jina lake limechafuka katika ukoo na watu wameacha kumwita kwenye vikao. Hiyo ni aibu, na aibu hutazama zaidi macho ya watu kuliko madhara waliyoyapata wakulima. Huzuni ya dhambi huanza pale anapoliona lenyewe alilolitenda, akawaona wakulima waliokosa karo za watoto, akamwona Mungu aliyewaumba wakulima hao, na akakiri kwamba hata kama asingegunduliwa kamwe, lingebaki kuwa ovu. Hofu na aibu zinaweza kumfikisha mtu mlangoni, na Mungu huzitumia mara nyingi, lakini peke yake hazina uwezo wa kumgeuza.

Mtume Paulo alilieleza jambo hili katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho: "Maana huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto, bali huzuni ya dunia hufanya mauti." Maneno hayo hunukuliwa sana bila kutazama yaliyoyazaa. Paulo alikuwa ameliandikia kanisa la Korintho barua kali, na yeye mwenyewe anasema aliiandika kwa machozi mengi. Barua iliwachoma, kukawa na huzuni, wakamwadhibu mtu mmoja aliyekuwa amekosa. Sasa Paulo anawaandikia tena, na jambo la kushangaza ni kwamba katika sura ya pili anawahimiza wamsamehe na kumfariji mtu huyo, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Kwa hiyo huzuni hiyohiyo aliyoitetea kuwa njema ina kipimo chake, na ikiachwa bila neno la msamaha inaweza kummeza mtu. Tena wajibu wa kuizuia isimmeze haukuwekwa juu ya mkosaji. Uliwekwa juu ya kanisa.

Injili zinatupa watu wawili wanaofafanua tofauti hiyo kuliko maelezo yoyote, nao walikosa katika usiku mmoja. Yuda alimsaliti Bwana wake kwa vipande thelathini vya fedha, na Petro akamkana mara tatu katika ua wa kuhani mkuu. Tusiharakishe kusema kwamba Petro alijuta na Yuda hakujuta, kwa sababu Mathayo hasemi hivyo. Anasema kwamba Yuda alijuta, akazirudisha fedha, na akatoa ungamo lililo wazi kuliko lolote ambalo Petro alilitoa usiku ule: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Alikiri kosa, alilitaja kwa jina lake, akarudisha hata faida aliyoipata. Mtu akiyapima majuto hayo kwa vipimo tulivyovizoea, atayapa alama zote. Na bado yaliishia kwenye kitanzi.

Kilichokosekana ni kitu kingine. Yuda aliwaendea makuhani, watu waliowekwa kuwaombea wakosaji, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Sidhani kama katika Maandiko kuna jibu la kichungaji lenye ubaridi kuliko hilo. Aliyekuja na dhambi yake mkononi alirudishiwa ibaki kuwa yake, peke yake, aiangalie mwenyewe. Naye akaiangalia hadi ikamwua. Petro alitoka nje akalia kwa majonzi, bila kurudisha chochote wala kusema lolote. Ila Luka anaeleza kwamba kabla ya kutoka, Bwana aligeuka akamtazama, na Petro akalikumbuka neno aliloambiwa. Neno hilo halikuwa tu kwamba jogoo atawika. Jioni ileile Yesu alikuwa amemwambia kwamba amemwombea ili imani yake isitindike, na kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Kwa hiyo huzuni ya Petro ilikuwa imeandaliwa pa kwenda kabla hata dhambi haijatendwa. Ilimrudisha kwa wenzake, ikamfikisha ufukweni mwa bahari ya Tiberia, penye moto wa makaa, ambako aliulizwa mara tatu kama anampenda yule aliyemkana mara tatu, na akakabidhiwa kondoo.

Ukiwaweka wawili hawa pamoja, utaona kwamba kinachoipa huzuni uwezo wa kuponya ni uso inaoelekea, wala si kina chake. Huzuni inayojitazama yenyewe huzidi kuchimba. Inayomgeukia Kristo, hata ikiwa ndogo na imechanganyika na hofu, hupokelewa.

Agano la Kale lilikuwa limekwisha kulionyesha hilo kwa Daudi, baada ya Bathsheba kuchukuliwa na Uria kuuawa vitani kwa njama. Zaburi ya 32, inayobeba jina la Daudi, inamweleza mtu aliyenyamaza na dhambi yake hadi mifupa ikachakaa, na mkono wa Mungu ukamlemea mchana na usiku. Nabii Nathani alipomjia na habari ya mwana-kondoo wa maskini, na kumwambia kwamba mtu huyo ni yeye, Daudi alisema sentensi moja tu: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Jibu nalo lilikuja papo hapo: "Bwana naye ameiondoa dhambi yako; hutakufa." Hapakuwekwa siku za kulia kwanza. Toba ndefu tunayoifahamu, ile ya Zaburi ya 51, kichwa chake kinaeleza kwamba ilitoka baada ya Nathani kumjia, na humo ndimo yalimo maneno ambayo Wakristo wa madhehebu yote huyasali: "Moyo uliovunjika na kupondeka, Ee Mungu, hutaudharau." Ni sala ya mtu ambaye tayari ameambiwa hatakufa. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba tunalia ili tusamehewe. Lakini uzoefu wa watakatifu wengi ni kwamba kilio kikubwa huja baada ya kusikia msamaha, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoona ni upendo wa namna gani alioukosea. Yule mwanamke wa sura ya saba ya Luka, aliyeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi nyumbani kwa Simoni Farisayo, alitajwa na Yesu kuwa amependa sana kwa kuwa amesamehewa mengi.

Watu wa Kilimanjaro wana desturi inayosaidia kulielewa jambo hili. Mchagga aliyemkosea ndugu au jirani kwa kosa ambalo maneno matupu hayawezi kulibeba huenda na jani la isale, au humtuma mtu alipeleke, na aliyekosewa akiliona anajua kwamba ameombwa msamaha kwa uzito ambao si rahisi kuukataa. Isale halina bei. Ni mmea unaoota mipakani mwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba jani lile linalipia ng'ombe aliyepotea au damu iliyomwagika. Fidia, kama ipo, huzungumzwa kando. Kazi ya isale ni kusema kwamba mkosaji ameacha kujitetea na amejiweka mikononi mwa aliyemkosea. Huzuni ya dhambi ina kazi ya namna hiyo mbele za Mungu. Hailipi deni, kwa kuwa Wakristo wanaamini deni lilikwisha kulipwa msalabani. Inakiri deni na kunyosha mikono. Pia kuna mahali ambapo Injili inapita desturi hiyo. Kwa isale, mkosaji ndiye anayeanza safari. Katika mfano wa mwana mpotevu, baba anamwona mwanawe angali mbali, anakimbia, anamwangukia shingoni, na maneno ya toba ambayo kijana alikuwa ameyapanga njiani yanakatizwa kabla hajayamaliza. Paulo naye anawaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Aliyekosewa ndiye aliyetangulia kuja.

Makanisa yamelishindania suala la huzuni na msamaha kwa karne nyingi, na kwa kuwa Moshi na Arusha zina Walutheri na Wakatoliki wanaooana, wanaozikana na kusali jirani, ni vyema kujua walipotofautiana na walipokutana. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kila Mkatoliki aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka. Karne tatu baadaye, Martin Luther, mtawa kijana wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliungama kwa saa nyingi akichambua kila wazo, na asipate amani, kwa kuwa hakuweza kamwe kuwa na hakika kwamba amejuta vya kutosha au ametaja yote. Mlezi wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza aache kujichungulia na ayatazame majeraha ya Kristo. Alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilisema kwamba Bwana wetu Yesu Kristo alipoagiza tutubu, alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliweka toba katika sehemu mbili: hofu inayoipiga dhamiri inapoijua dhambi, na imani inayoamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo, ambayo ndiyo inayoifariji dhamiri hiyo. Bila ile ya pili, ya kwanza ni mateso tu.

Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulieleza majuto kuwa ni uchungu wa roho na kuichukia dhambi iliyotendwa, pamoja na nia ya kutoitenda tena. Jambo ambalo waamini wengi hawalijui ni kwamba mtaguso huohuo ulitofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu, na ukafundisha kwamba hata haya ya pili ni zawadi ya Mungu na yanamwandaa mtu apokee neema katika sakramenti ya Kitubio. Kwa hiyo Mkatoliki anayepiga magoti kwenye kiti cha maungamo huku moyo wake ukiwa mkavu, akiwa na nia tu ya kuiacha dhambi na kumrudia Mungu, hana sababu ya kuondoka kwenye foleni akangoje hadi atakapoweza kulia. Padri akitamka maondoleo, hayategemei kiasi cha machozi. Na mwaka 1999 huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, katika imani kwa kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Tofauti zimebaki, hasa kuhusu sakramenti na malipizi, lakini hakuna upande unaofundisha kwamba machozi ni sarafu.

Msamaha huo unamfikiaje mtu, basi? Luther katika Katekisimo Ndogo anasema maungamo yana mambo mawili: tunaungama dhambi, na tunapokea maondoleo kutoka kwa anayetuungamisha kana kwamba ni kutoka kwa Mungu mwenyewe. Mkazo wake uko kwenye hilo la pili. Mtu akijihubiria mwenyewe usiku kwamba amesamehewa, moyo wake una majibu mengi ya kumpinga. Lakini neno linalotoka nje, katika kinywa cha mtu mwingine, halitungwi na moyo unaolaumu. Nadhani Walutheri wa kaskazini tumeipoteza sana hazina hii. Maungamo ya pamoja ya kila Jumapili tunayo, na tunayasema kwa haraka. Yale ya faragha mbele ya mchungaji, ambayo Luther hakuyafuta kamwe, wengi wetu tunadhani ni ya Wakatoliki. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye dhambi nzito anabaki na njia mbili tu, kukaa kimya kama Daudi wa Zaburi ya 32, au kuitangaza mbele ya umati.

Hiyo njia ya pili ina historia yake. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda kwenye miaka ya 1930 na kuenea hadi kwetu, uliwafundisha walokole kutembea nuruni, yaani kuziungama dhambi waziwazi mbele ya ndugu na kurudisha vilivyoibwa. Kanisa lililokuwa limeanza kuzoea ubatizo wa karatasi liliamshwa, na madeni ya miaka mingi yalilipwa. Uamsho ulituachia pia hatari moja, nayo inaonekana hadi leo katika baadhi ya mikutano ya maombezi ya Arusha na Moshi: ushuhuda wa toba unapimwa kwa ukali wa dhambi zilizotajwa na wingi wa machozi yaliyomwagika, hata mtu mnyamavu anaanza kushuku wokovu wake. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki. Hakuorodhesha kitu, wala hatuambiwi kwamba alilia.

Kuna jambo jingine ambalo linawagusa watu wetu moja kwa moja, nalo ni utaratibu wa kurudi kundini. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa, au wanandoa ambao ndoa yao haijabarikiwa, huwekwa chini ya nidhamu ya kanisa, hawashiriki Chakula cha Bwana, na baada ya mafundisho husimamishwa mbele ya usharika na kupokelewa. Nautetea msingi wa utaratibu huu, kwa sababu kanisa lisilosikitikia dhambi hatimaye halitakuwa na msamaha wa kutoa. Litabaki kuwaambia watu kwamba hakuna neno. Lakini barua ya Paulo kwa Wakorintho inatudai zaidi ya tunavyotenda. Nidhamu yake ilikuwa na mwisho, na mwisho huo ulikuwa kumfariji mtu na kumthibitishia upendo. Panapokuwa na binti anayesimama peke yake huku aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya, panapokuwa na mtu anayenyooshewa kidole miaka mingi baada ya kupokelewa, au familia inayojadiliana na wazee wa kanisa juu ya mazishi ilhali marehemu alikwisha kuomba kurudi akiwa kitandani hospitalini, hapo tunakaribia mno jibu la wale makuhani kwa Yuda. Sherehe ya kumpokea mtu inapaswa kuwa na furaha kubwa kuliko uzito wa siku aliyotengwa; hivyo ndivyo alivyofanya baba yule aliyechinja ndama aliyenona.

Kutengwa na kurudishwa ni suala la zamani kuliko makanisa yetu, na lilipiganiwa mapema katika bara letu. Mwaka 250 Kaisari Decius alipowalazimisha watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma, Wakristo wengi wa Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, waliishika amri hiyo kwa hofu, na dhuluma ilipopungua wakataka kurudi. Wengine walitaka wapokewe bila toba yoyote; wengine, pamoja na Novatiano wa Roma, walisema wasipokewe kamwe. Askofu Kipriano wa Karthago na maaskofu wenzake wa Afrika walizikataa njia zote mbili: kuwe na toba ya kweli, na toba hiyo iwe na mlango. Karne na nusu hivi baadaye, katika Afrika hiyohiyo ya Kaskazini, Augustino alikuwa askofu wa Hipo. Alipokuwa akifa mwaka 430, asimulia Posidio aliyeishi naye, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani ili azisome akiwa kitandani, naye akazisoma akilia. Mtu aliyeihubiri neema kwa takriban miaka 40 hakuona kwamba amehitimu kuhuzunikia dhambi. Wala machozi yake hayakuwa ya mtu asiyejua kama amesamehewa.

Tusipoangalia, mafundisho haya yote yanaweza kupakwa juu ya kidonda kisichokuwa chake. Yuko mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto na ameambiwa atafute ni dhambi gani aliyoitenda. Yuko aliyebakwa utotoni ambaye amebeba hatia ya mtu mwingine maisha yake yote. Hawa hawahitaji kuitwa watubu. Wanahitaji kuambiwa wazi kwamba dhambi hiyo si yao, kama Yesu alivyowakatalia wanafunzi wake juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Yuko pia mwenye sonona, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu ajione ana hatia isiyo na jina, asile, asilale, na atamani kufa. Huyo amwone daktari, na mchungaji mwenye hekima humsindikiza hadi hospitali na kuendelea kumwombea huko. Dalili moja husaidia kutofautisha: huzuni ya dhambi kwa kawaida huweza kulitaja kosa lenyewe, na neno la msamaha likifika huanza kulegea, hata kama ni polepole.

Lakini hata msamaha ukishapokelewa, huwa hauondoi yote yaliyofuata. Daudi aliambiwa hatakufa, na bado mtoto wake alikufa na nyumba yake ikaingiwa na upanga. Zakayo, wokovu ulipofika nyumbani mwake, alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakurudisha ili Yesu aingie nyumbani. Yesu alikuwa amekwisha kuingia. Kwetu jambo hili huonekana wazi kila mwezi Desemba, wakati watoto wa Kilimanjaro wanaporudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, na vikao vya ukoo vinakaa. Kaka aliyeuza sehemu ya kihamba bila kuwashirikisha wadogo zake anaweza kuwa ameungama kwa padri mjini na kuondolewa dhambi kweli. Amani hiyo ndiyo inayopaswa kumpa ujasiri wa kusimama katika kikao, kuwaambia wadogo zake alichokifanya bila kukipunguza, na kuanza kulipa. Asiyejua kwamba amesamehewa na Mungu hujitetea mbele ya watu, kwa kuwa hana pengine pa kusimama.

Na wadogo zake wanaweza kukataa siku hiyo. Wana haki ya kuumia, na msamaha wao hauwezi kudaiwa kwa kunukuu maandiko. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anaandika kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Na aliye mkuu kuliko mioyo yetu ni mkuu pia kuliko hukumu ya kikao. Kaka huyo hatakiwi kurudi kwa padri kuungama upya dhambi iliyokwisha kuondolewa. Anatakiwa aendelee kulipa kama alivyoahidi, ashiriki Ekaristi pamoja na wengine, na mwaka unaofuata aende tena kikaoni.